Jalada la Siri Liko Mezani, Riwaya Haiandikiki: Mwongozo Kamili wa Kutoka Kwenye Nyaraka hadi Sura ya Kwanza

Mswada wa kijasusi uliokwama nautambua kabla sijafika ukurasa wa tano. Mkuu wa idara amesimama dirishani, kijana wake ameketi, na mkuu anamweleza kijana mambo ambayo kijana huyo ameyafanyia kazi miaka saba. Tarehe zote zimo. Majina ya operesheni yamo. Mtu hayumo. Ukimuuliza mwandishi, atakujibu kwa fahari kwamba kila kitu kimetoka kwenye nyaraka halisi, na kwa bahati mbaya anasema kweli.

Kuna aina ya pili, ambayo mswada wake sijawahi kuuona. Huyu amepakua mafaili mia sita, ameyapanga vizuri kwenye kompyuta, na mwaka wa tatu sasa bado "anafanya utafiti".

Wote wawili wanalitwisha jalada mzigo usio wake. Jalada la siri halina hadithi ndani yake. Lina mtu aliyebanwa mahali fulani, na karatasi zilizomzunguka. Mtafute huyo mtu, mtoe humo, karatasi ziache zilipo. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa kazi hiyo tu, na ukiruka moja utarudi kuitafuta baadaye.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Madaftari mawili. La kwanza ni la yale uliyoyasoma, kila jambo na namba ya ukurasa wake. La pili ni la yale unayoyabuni. Usiyachanganye hata siku moja, kwa sababu baada ya miezi minne hutakumbuka lipi ulilisoma na lipi ulilitunga. Niliwahi kumbishia mhariri wangu wiki nzima juu ya "ukweli" ambao, nilipopekua, nilikuta niliubuni mwenyewe nikiwa safarini.
- Kifaa chenye kioo kipana kiasi. Kurasa nyingi ni picha za karatasi zilizopigwa taipu, herufi zimefifia, nyingine zimepinda. Usitegemee kitufe cha kutafuta maneno. Mara nyingi hakioni kilichoandikwa.
- Uvumilivu wa Kiingereza cha ofisini. Majalada mengi utakayoyapata kwa urahisi yameandikwa kwa lugha hiyo, tena ile kavu ya makarani.
- Kalenda yenye siku moja iliyotiwa duara. Iwe wiki mbili tangu leo. Siku hiyo kusoma kunakoma, umemaliza au hujamaliza.

## Hatua ya 1: Chagua ghala moja, kisha jalada moja

Maghala yako mengi na yanavutia, na ndipo wengi wanapozamia.

Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lina chumba chake cha kusomea kwenye intaneti. Januari 2017 liliweka humo mkusanyo uitwao CREST, nyaraka zipatazo 930,000 zenye kurasa zaidi ya milioni 12. Kabla ya hapo ilibidi usafiri hadi College Park, Maryland, ukazisomee kwenye kompyuta za huko. FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, nao wana ukurasa wao uitwao The Vault.

Uingereza, Hifadhi ya Taifa iko Kew, London. Kundi la KV 2 ni majalada ya watu binafsi waliofuatiliwa na MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza. Kundi la HS 9 ni la watumishi wa SOE, kikosi cha hujuma cha Vita vya Pili vya Dunia. Kundi la FCO 141 lina majalada ya makoloni yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park hadi 2011, wazee wa Kenya walipoishtaki serikali ya Uingereza mahakamani London. Yalikuwa yapata 8,800 kutoka makoloni 37.

Ujerumani, kumbukumbu za Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, zina urefu wa kilometa 111 zikipangwa kwenye rafu. Cambridge, kwenye kituo cha nyaraka cha Churchill, kuna maandishi ya Vasili Mitrokhin, mtunza nyaraka wa KGB, idara ya ujasusi ya Kisovieti, aliyenakili siri kwa mkono miaka mingi akazificha kwenye nyumba yake ya mashambani, kisha akatorokea Uingereza 1992.

Ushauri wangu kwa anayeanza: chukua jalada la KV 2, au ripoti za kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church, zilizotoka 1975 na 1976. KV 2 kwa sababu kila jalada ni la mtu mmoja, kwa hiyo nusu ya kazi umeshafanyiwa. Ripoti za Church kwa sababu mashahidi wanapingana waziwazi, na watu wanaopingana ndio riwaya yenyewe. CREST iache kwanza. Ni bahari, nawe hujajua kuogelea.

Onyo. Tofautisha nyaraka zilizofunguliwa na nyaraka zilizovuja. Zilizofunguliwa zimetolewa na wenye mamlaka. Una haki ya kuzisoma na kuzitumia. Zilizovuja bado ni siri kisheria hata kama dunia nzima imeshaziona, na katika nchi nyingi kuwa nazo tu kunaweza kukuletea balaa. Mwongozo huu unahusu za kwanza peke yake. Riwaya haihitaji za pili.

Utajua umefanikiwa ukiwa na namba moja ya jalada juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza. Moja.

## Hatua ya 2: Anza na kingo za karatasi

Usianze na maudhui. Pitia jalada zima mara ya kwanza ukitazama yaliyo pembeni tu: mihuri, tarehe, orodha ya waliopelekewa nakala, maandishi ya kalamu kwenye kingo, mistari iliyokatwa. Maudhui yanakuambia idara ilitaka nini kionekane. Ukingoni ndipo watu wanapogombana.

Kwenye majalada ya MI5 utakuta mbele karatasi ya kumbukumbu ambapo kila barua iliyoingia inapewa namba, na maafisa wanaandikiana vijineno vifupi. Mmoja anapendekeza jambo. Wa pili anaweka saini bila neno. Wa tatu, siku tisa baadaye, anauliza kwa nini hakuambiwa. Hesabu hizo siku tisa. Kuna mtu alilikalia jalada, na sababu yake haikuandikwa.

Jifunze pia alama za kazi, maana zitakupa lugha ya wahusika wako.

Idara nyingi za kijeshi na za ujasusi za Magharibi hupima habari kwa herufi na tarakimu. Herufi ni ya mtoa habari: A ni wa kutegemewa kabisa, E hategemewi, F hajulikani. Tarakimu ni ya habari yenyewe: 1 imethibitishwa na vyanzo vingine, 5 haielekei kuwa kweli, 6 haiwezi kupimwa. Kwa hiyo "B2" ni mtu mzuri mwenye habari inayoelekea kuwa kweli. Fikiria sasa mtu wa "E" anayeleta habari ya "1". Mwongo amesema kweli, na ofisini hakuna anayejua la kufanya. Hapo una sura nzima, na umesoma herufi moja na tarakimu moja.

CIA walikuwa na desturi ya majina ya siri ambayo herufi mbili za mwanzo zinaonyesha eneo au kazi. Za Cuba zilianza na AM, za Mexico na LI. Lenyewe shirika lilijiita KUBARK kwenye karatasi zake, serikali ya Marekani ikawa ODYOKE na FBI ikawa ODENVY. Usiyatumie haya katika riwaya yako. Wasomaji wa kijasusi wanayajua. Iga mtindo wake, ubuni yako.

Onyo. Muhuri wa "Approved For Release" na tarehe yake uligongwa na watu waliofungua jalada miaka mingi baadaye. Nimekutana na mhusika wa mwaka 1962 akisoma waraka wenye muhuri huo. Msomaji mmoja akiligundua, ataziandikia sura zako zote barua ya malalamiko.

Utajua umefanikiwa ukiweza kumwambia rafiki, bila kutaja jambo lolote kubwa la kihistoria, ni nani katika jalada hilo alikuwa hampendi nani.

## Hatua ya 3: Mtafute mtu aliyebanwa

Hii ndiyo hatua yenyewe. Nyingine zote zinaitumikia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mtu aliyebanwa ni yule ambaye kila mlango ulio mbele yake utamgharimu kitu. Huenda si jasusi mkuu. Mara nyingi ni karani, dereva, mkalimani, mke. Kumpata, fuata dalili nne: pesa, ucheleweshaji, maelezo marefu kuliko swali, na kuomba radhi.

Tuchukue mfano ulio wazi. Juan Pujol García, Mhispania, alijifanya jasusi wa Wajerumani. Mwanzoni aliwaambia yuko Uingereza kumbe yuko Lisbon, akitunga ripoti kwa msaada wa kitabu cha watalii na ratiba za treni. Katika ripoti moja alidai kuna watu Glasgow ambao wangefanya lolote kwa lita moja ya mvinyo, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kufika Glasgow angelicheka. Baadaye Waingereza walimchukua, wakamwita GARBO, na mtandao wake ukafika watoa habari 27 ambao hawakuwahi kuzaliwa.

Wengi wakisoma hapo hukimbilia D-Day, siku Washirika walipotua Normandy, Ufaransa, na namna GARBO alivyowadanganya Wajerumani 1944 kwamba shambulio kubwa lingetua Calais. Ni jambo kubwa, na kwa ajili hiyo kila mtu amelichukua. Geuza kurasa nyuma.

Mmoja wa hao 27 "alikaa" Liverpool. Mwaka 1942 meli nyingi zilikuwa zikijikusanya bandarini, na mtoa habari yeyote mwenye macho angeziona na kuziripoti. Asiporipoti, Wajerumani watashtuka. Akiripoti, watu halisi watakufa baharini. Basi wakamwuguza. Akazidiwa. Akafa. Tangazo la kifo likachapwa gazetini na kupelekwa kwa Wajerumani, nao wakakubali kumlipa mjane wake pensheni.

Mtu hakuwapo, akafa, na mjane wake ambaye naye hakuwapo akaanza kula pensheni. Soma tena sentensi hiyo taratibu na ujiulize: katika mnyororo huo wote, nani angelala macho wazi? Mwandishi wa tangazo? Afisa wa Kijerumani aliyesaini malipo? Andika majina ya kazi zao katika daftari la pili. Usiandike hadithi bado.

Mfano mwingine, wa pesa. Mwaka 1973 mkuu wa CIA, Richard Helms, aliagiza majalada ya MKULTRA yateketezwe. Ni mradi wa majaribio ya kutawala akili za watu kwa dawa. Yakateketezwa. Lakini mwaka 1977 yakapatikana maelfu ya kurasa yaliyosalimika, kwa sababu yalikuwa ya karatasi za fedha zilizohifadhiwa kwingine. Waliochoma waliwakumbuka wanasayansi wakawasahau wahasibu. Ndiyo maana nawaambia wanaoanza waende kwenye risiti kwanza. Siri huchomwa, risiti hubaki.

Ukishampata mtu wako, jibu maswali haya kwa sentensi moja moja:

1. Anaogopa nani ajue nini?
2. Akisema kweli, nani mwingine ataumia?
3. Akinyamaza, atanyamaza hadi lini?

Swali la tatu ndilo linalozalisha taharuki, maana ndani yake mna saa inayotembea. Kama huna jibu lake, hujampata mtu. Umepata tukio tu. Rudi jaladani.

Utajua umefanikiwa ukiwa na sentensi moja isiyo na mwaka, isiyo na nchi, wala jina la operesheni, na bado inamfanya msikilizaji aulize, "Halafu?"

## Hatua ya 4: Uliza wino mweusi

Sehemu zilizofichwa kwa wino au kukatwa huwaudhi wasomaji wapya. Kwako ni mali.

Kwanza jua zinafichwa kwa nini. Kwenye nyaraka za Marekani pembeni ya doa utaona alama kama (b)(1), maana yake usalama wa taifa, au (b)(6), faragha ya mtu. Kwenye za Uingereza utakuta karatasi ya badala inayosema waraka umezuiwa chini ya kifungu cha 3(4) cha sheria ya nyaraka za umma ya 1958. Na kuna jibu maarufu la "hatukubali wala hatukanushi", ambalo Wamarekani huliita jibu la Glomar, kwa jina la meli ya Glomar Explorer iliyotumwa 1974 kuopoa nyambizi ya Kisovieti iliyozama Pasifiki. Jibu la namna hiyo likitolewa na mhusika kwa mkewe, mezani, usiku, ni mazungumzo mazuri kuliko kurasa kumi za mateso.

Pili, tafuta pengo ambalo hakuna aliyelifuta, bali hakuna aliyejali kuliandika. Haya ndiyo bora. Wakati Waingereza wakiondoka makoloni, maafisa waliagizwa kuteketeza nyaraka ambazo serikali mpya haikupaswa kuziona. Zikichomwa, majivu yavunjwevunjwe. Zikizamishwa, ziwekwe kwenye makasha yenye uzito na kutupwa kwenye maji ya kina kirefu yasiyo na mkondo, mbali na pwani kadiri iwezekanavyo.

Agizo limefikiria mkondo wa maji. Halikusema nani ataendesha mashua.

Mtu huyo alikuwapo kila mara kasha lilipozama. Alilipwa siku hiyo, akarudi nyumbani, na pengine alijua kina cha maji kuliko afisa aliyempa amri. Chukua pengo kama hilo, lipe majibu matatu yanayowezekana, kisha chagua lile linalomgharimu mhusika wako zaidi. Majibu mawili yaliyobaki usiyatupe. Watu wengine ndani ya riwaya watayaamini.

Onyo. Usijaze doa jeusi kwa jina la mtu halisi. Kwenye riwaya hilo halitakuwa ubunifu, litakuwa tuhuma.

## Hatua ya 5: Mhamishe

Sasa mtoe mtu wako jaladani. Kanuni ninayoitumia: badilisha mambo matatu makubwa, acha tatizo lilivyo. Matatu hayo yachague kati ya zama, upande, kazi, jinsia, uhusiano na mahali. Ukibadilisha moja, wajuzi watalitambua jalada na kuanza kukusahihisha. Ukibadilisha matatu, hadithi inaanza kukudai mambo yake yenyewe.

Tuhamishe yule mjane wa Liverpool.

Zama: siku za karibuni. Upande: wanaolipa, si wanaodanganya. Kazi: mhasibu wa idara, tumwite Idi. Kwa robo nne mfululizo Idi ameidhinisha posho ya mjane wa mtoa habari aliyekufa. Habari za mtu huyo ndizo zilizompandisha cheo bosi wa Idi. Utaratibu mpya unataka pesa zikabidhiwe mkononi mara moja kwa mwaka, na mpelekaji wa kawaida ni mgonjwa. Idi anapewa bahasha na anwani.

Hakuna mjane.

Tazama kilichotokea. Kwenye jalada aliyebanwa ni mwongo. Hapa aliyebanwa ni mkweli, tena mwenye saini yake kwenye kila hati. Akiripoti, bosi ataanguka, na swali litakalofuata ni kwa nini yeye alisaini. Akinyamaza, robo nyingine inakaribia na itataka saini tena. Saa inatembea. Hakuna D-Day humo, hakuna Glasgow, na hakuna atakayeona GARBO yuko wapi. Lakini mfupa ni uleule.

Fanya zoezi hili mara tatu kwa mtu yuleyule, uandike aya moja kwa kila uhamisho. Ya kwanza kwa kawaida ni ile ambayo kila mtu angeifikiria. Ya pili inajitahidi mno. Ya tatu mara nyingi ndiyo.

Maonyo mawili ya kisheria na kiutu. Kazi za serikali kuu ya Marekani hazina hakimiliki nchini humo, na nyaraka nyingi za serikali ya Uingereza zinaruhusiwa kutumika kwa kutaja zilikotoka. Lakini barua binafsi iliyonaswa na kutiwa jaladani bado ni mali ya aliyeiandika au warithi wake, hivyo usiinukuu nzima ukadhani ni ya umma. La pili: kuwa na jalada si kuwa na hatia. Kulikuwa na watu waliofunguliwa jalada kwa sababu ya jirani mwenye kinyongo au barua iliyopotea njia. Wana wajukuu. Badilisha majina, na ubadilishe pia yale mambo madogo yanayomtambulisha mtu hata bila jina.

Utajua umefanikiwa ukifunga daftari la kwanza na bado unaweza kuendelea kuandika.

## Hatua ya 6: Mjaze mifuko

Aprili 1943 nyambizi ya Kiingereza, HMS Seraph, iliachia maiti baharini karibu na Huelva, Hispania. Ilivishwa cheo na jina, Meja William Martin, na mkoba wenye barua za kuwapotosha Wajerumani kuhusu shambulio la Sicily. Barua zile zilikuwa kazi ya wakubwa. Waliompa uhai yule maiti ni wale waliomjaza mifuko: picha ya mchumba, barua za mapenzi, vishina vya tiketi za thieta, bili ya pete ya uchumba, na barua ya benki inayomdai karibu pauni 80. Nani angemshuku maiti mwenye deni?

Fanya vivyo hivyo. Andika vitu saba vilivyomo mfukoni, kwenye mkoba au kwenye droo ya mhusika wako. Vitatu viwe vya kawaida kabisa. Viwili vipingane. Kimoja asingependa kionekane. Cha mwisho yeye mwenyewe hajui kwamba kipo.

Kisha katika kila tukio tumia vitu viwili, visizidi vitatu. Hapa ndipo nyaraka zinapowalevya waandishi. Ukisoma kwamba Stasi walihifadhi harufu za watu kwenye vitambaa ndani ya mitungi ya kioo ili mbwa waje kuwanusia, utatamani kuweka mitungi kila sura. Weka mmoja, mara moja, mahali ambapo mhusika atakuta jina lake kwenye kibandiko.

## Hatua ya 7: Tunga waraka wako, halafu andika tukio bila huo

Riwaya ya kijasusi inanoga ikiwa na waraka mmoja mmoja ndani yake. Uandike mwenyewe. Usizidi nusu ukurasa, na uache jambo moja bila kuelezwa. Huu hapa wa Idi:

> KUTOKA: Fedha
> KWENDA: Kituo
> 1. Risiti ya MJANE ya robo ya nne haijapokelewa.
> 2. Saini za risiti tatu zilizotangulia hazifanani.
> 3. Tafadhali eleza.
>
> (kwa penseli, mkono mwingine:) *Asijibiwe. Nitaongea naye mwenyewe.*

Waraka huu haumwelezi msomaji historia ya idara. Unamwonyesha kwamba kuna mtu amesoma, amekasirika, na hataki maandishi.

Sasa tukio. Andika kwanza vibaya, kwa makusudi, ili uutoe ugonjwa mwilini:

*"Kama unavyojua, Idi," alisema Mkuu, "tangu mtoa habari wetu mahiri afariki, idara imekuwa ikimlipa mjane wake posho kila robo mwaka kwa mujibu wa waraka namba..."*

Maneno "kama unavyojua" ni king'ora. Kama anajua, kwa nini anaambiwa? Futa, uanze upya, safari hii ukiwa mtaani pamoja naye:

*Namba kumi na saba haikuwapo. Kulikuwa na kumi na tano, kisha ukuta, kisha kumi na tisa. Idi alirudi mwanzo wa mtaa akahesabu tena, bahasha ikimloa kwapani. Alipopita mara ya tatu, kijana aliyekuwa akiziba pancha ya baiskeli aliinua kichwa.*

*"Wewe wa pili," alisema.*

*"Wa kwanza alikuja lini?"*

*"Jana. Naye alikuwa na bahasha."*

Hakuna tarehe humo, wala jina la idara, wala neno ujasusi. Msomaji ameshajua kwamba nyumba ni ya uongo na kwamba kuna mtu mwingine anayejua. Yote hayo yalianzia kwenye pensheni ya mjane wa 1942, na humo ndani huioni.

Onyo. Ukijikuta unataka kuweka tanbihi chini ya ukurasa kueleza kwamba "hili lilitokea kweli", jua tukio halijasimama. Msomaji hakudai lithibitishwe. Alidai alione.

## Hatua ya 8: Jaribu kabla hujaendelea

Andika kurasa kumi hivi kwa namna hiyo. Zipeleke kwa wasomaji wawili: mmoja anayependa riwaya za kijasusi na mmoja asiyezisoma kabisa. Usiwaambie kwamba kuna jalada nyuma yake. Usiwaeleze chochote. Baada ya kusoma waulize maswali mawili tu: nani yuko taabani, na unadhani atafanya nini kesho?

Wakimtaja mtu na kuanza kubishana juu ya kesho yake, endelea na sura ya pili. Wakikuuliza, "Haya yalitokea lini hasa?" rudi Hatua ya 5, kwa sababu karatasi bado zinaonekana. Wakisema wamejifunza mambo mengi, rudi Hatua ya 3. Hilo la mwisho linauma kwa sababu linasemwa kama sifa, na wengi hulipokea hivyo, wakarudi mezani kuongeza tarehe.

Kalenda yako bado ina ile siku iliyotiwa duara. Ikifika, hamisha jalada kwenye folda usiyoifungua kila siku, ubaki na daftari la pili. Ukikwama katikati ya sura ya sita utatamani kurudi kwenye maghala. Rudi, ila uende na swali moja mahususi, kwa mfano risiti ya malipo husainiwa na watu wangapi, na ukishapata jibu toka.